Kilo Kamili na Supu ya Kwenye Chupa ya Chai

Marehemu, ambaye soko zima lilimwita Kilo Kamili, alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa pili na wa mwisho kwa mama yake. Aliyembeba mgongoni hadi akajua kutembea ni dada yake, aliyemzidi miaka sita.

Alisoma hadi darasa la saba. Hesabu alizimudu, kukaa kitako darasani ndiko kulikomshinda.

Mwaka 1986 aliajiriwa kufagia buchani, na mwaka 1995 bucha ikawa yake. Hakuwahi kumpunja mtu hata robo, ndipo alipopata jina hilo.

Tarehe 9 Agosti 1997 alifunga ndoa na fundi cherehani wa mtaani kwao. Walijaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2019 alipata kiharusi chepesi. Daktari akampigia marufuku nyama ya mafuta na chumvi nyingi. Mkewe akajifunza mapishi ya soya: aliiloweka, akaisaga, akaichuja, akachemsha maziwa yake mpaka harufu ya ubichi ikatoka, akayagandisha kwa ndimu na kuyakandamiza chini ya pasi yake ya mkaa. Kipande cha kwanza marehemu alikipima kwa mizani, akakifunga kwenye gazeti, akamuuliza mkewe kama mteja:

"Mama, nikukatie steki au yenye mfupa?"

"Yenye mfupa, na usinipunje!"

Walicheka mpaka mchuzi ukakaribia kuungua. Kwa miaka minne presha ilitulia.

Dada yake ndiye hakutulia. Kila alipomwona kakonda, alifoka: "Mwanamume mzima analishwa maharage!" Februari mwaka huu marehemu alimnong'oneza, "Dada, hata supu ya mifupa tu. Wifi yako asijue." Basi kila Jumapili dada alimletea supu ya mafuta, yenye chumvi ya kutosha, ndani ya chupa ya chai. Aliinywa nyuma ya bucha, akiwa amefumba macho kwa raha.

Presha ilipopanda, mkewe alijilaumu mwenyewe. Akaondoa chumvi yote, akapima soya kwa kijiko, akalia juu ya sufuria: "Wifi, nimekosea wapi?" Dada alimshika bega, na Jumapili akaja na chupa kama kawaida.

Marehemu alifariki Jumatatu tarehe 3 Juni 2024, saa nne asubuhi, kwa kiharusi cha pili. Soya aliyolowekewa Jumapili ilikuwa bado ndooni. Msibani watu wamekuwa wakisema kwamba maharage ndiyo yaliyomuua. Aliyeyaanzisha maneno hayo ni dada yake. Daktari hakusema lolote kuhusu supu, kwa kuwa hakuna aliyemwambia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa kimemuumbua dada.

Kilo Kamili ameacha mama mzazi, mjane, mabinti wawili, na dada mmoja, ambaye ndiye anayesoma maneno haya, maana kwa siku tano ameshindwa kumtazama wifi yake usoni na kumwambia: hukukosea popote.

Apumzike kwa amani, na amwachie dada yake kidogo.