Matanga Mlangoni pa Daktari Ayuma

Wasikilizaji wapendwa wa Kariobangi, Buruburu na Donholm, punguzeni moto wa sufuria mnisikilize. Leo tunamkumbuka Daktari Everline Ayuma, mtafiti wa chuo kikuu, binti wa Mzee Bwire, fundi wa majiko pale Kariobangi. Tulimzika Jumamosi.

Ayuma alitengeneza jicho la kuona joto. Nasema tena, joto, si mwanga huu wetu. Ndani yake mna tabaka za madini, nyembamba kushinda ngozi ya kitunguu. Elektroni hunaswa humo kama maji kisimani. Joto likizipiga zinaruka, picha inatokea. Vinaitwa visima vya kwanta. Lakini jicho hilo halioni mpaka lipozwe kwa naitrojeni, hewa iliyogeuzwa kuwa kimiminika, baridi kuliko barafu yoyote.

Mkubwa mmoja chuoni alimcheka. "Joto si ukaangalie kwa jiko la babako?"

Akaenda! Akabeba mtambo hadi kibandani, akaulenga kwenye jiko jipya lenye makaa ya moto. Kwa macho, halina kasoro. Kwenye skrini, ufa wa udongo ndani ukang'aa kama waya.

"We Ayuma, unaniumbua mbele ya wateja?" baba akafoka.

"Nakuokoa nao, baba. Lingewapasukia nyumbani."

Sasa sikilizeni. Alipofariki, jaribio lake la mwisho lilikuwa linaendelea. Jicho likae kwenye baridi muda mrefu, ijulikane kama litadumu. Likipata joto mapema, kazi yote imepotea. Na chuo kikasema chumba chake cha majaribio kifungwe Jumatatu, kiwe stoo. Nzisa, mwanafunzi wake, alikuwa akimimina naitrojeni huku analia.

Jumatatu asubuhi Mzee Bwire alifika na kiti cha plastiki, akaketi mlangoni. Askari wa chuo akaja na kufuli.

"Mzee, tafadhali toka hapo."

"Niko matanga. Binti yangu aliishi humu zaidi kuliko kwangu. Kwani kwenu, kijana, matanga hupigwa kufuli?"

Askari akavua kofia. Akina mama wa kanisa wakaja na birika la chai, wakaimba. Hata yule mkubwa alipopita, alipewa kikombe. Akanywa amesimama.

Leo ni Alhamisi. Mlango uko wazi. Nzisa anamimina.

Mzee Bwire na jamaa yote, poleni sana. Nawe msikilizaji, jiulize: kazi ya mtoto wetu ikitaka kufungiwa, utaketi wapi? Matanga huisha wenye msiba wakisema yameisha. Nao wamesema, mpaka jaribio liishe.

Ukienda, beba kiti.