Mwalimu Chidawali na Shimo la Jirani

Ndugu waombolezaji, mimi Nikodemo, kitinda mimba wa marehemu, nimetumwa na familia niwasomee maisha ya baba yetu, Mwalimu Nathanaeli Chidawali, ambayo aliniamuru niyaandike yeye akiwa hai, kisha akayasahihisha kwa kalamu nyekundu.

Marehemu alizaliwa Kibaigwa tarehe 14 Machi 1951, akasoma shule ya msingi hapohapo, sekondari Dodoma mjini, na sheria Dar es Salaam, akahitimu mwaka 1977, na kwa miaka thelathini na minne akawafundisha makarani wa mahakama somo moja tu, sheria ya uzembe, hata wanafunzi wakamwita Mwalimu Mzembe, jina alilolipokea kwa heshima zote.

Tarehe 15 Desemba 1979 alifunga ndoa na mama yetu, Penina, baada ya kuwatangazia wageni kwamba ngazi za kanisa zina utelezi, na Mungu akawajalia watoto watatu, Frida, Priska na mimi. Kikombe kikivunjika nyumbani, baba aliuliza maswali manne: je, aliyekishika alikuwa na wajibu wa kuwa mwangalifu, aliuvunja, kuuvunja ndiko kulikoleta hasara, na hasara yenyewe iko wapi; lakini alipofika swali la pili, mama alikuwa ameshahukumu kwa mwiko.

Tarehe 3 Februari 2024, hapa Msalato, baba alitumbukia katika shimo la choo alilokuwa akichimba jirani yetu Yotham, akavunjika kifundo cha mguu, nasi tukaapa Yotham hatakanyaga msiba wa nyumba hii, na mimi nikamnyima salamu miezi minne. Mguu ulipona Aprili. Tarehe 6 Juni baba alifariki kwa moyo uliomsumbua tangu mwaka 2016, lakini ukoo ulikuwa umeshapitisha kwamba kauawa na shimo.

Basi baba, akiwa bado hai, aliagiza hukumu yake isomwe hapa: kwa kuwa jirani kisheria ni yule unayeweza kumdhuru usipoangalia, Yotham alikuwa na wajibu, ila alizungushia shimo miiba, akafunga kitambaa chekundu, akaja kutuonya mara mbili, hivyo hakuuvunja, moyo nao haukuugulia shimoni, na aliyeruka miiba ili akague kama miiba inatosha anajulikana. Mzembe, ameandika baba kwa kalamu nyekundu, ni mimi mwenyewe.

Yotham, Baba Gladness, nimeona aibu, nisamehe mbele ya watu hawa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, majirani wote, na Yotham, ambaye jana alikuja na jembe bila kuitwa, akachimba kaburi, kisha akalizungushia miiba na kitambaa chekundu, asije akatumbukia mtu kabla ya mwenyewe.

Baba, miiba tumeikagua sisi, inatosha. Wewe pumzika kwa amani.