Ng'ombe Mmoja wa Vijiji Vyote

Wapendwa wa kundi letu la sala, amani iwe kwenu. Naomba mnivumilie. Maneno haya nimeyapanga na kuyapangua tangu Jumatatu, na hata sasa sijui kama nianze na ugonjwa au nianze na ng'ombe. Namwona Mama pale ameshacheka. Basi nianze na safari, ng'ombe atakuja.

Wengi mnanijua: yule msichana wa mtaa wetu huu wa Beechmont aliyekwenda kusoma mji wa Columbus. Mlinisindikiza kwa sala na masufuria ya chakula. Nilimaliza, nikapigwa picha na kofia ya mahafali, picha ikazunguka kwenye simu zenu. Yaliyofuata hamkuyaona, kwa sababu sikumwambia mtu.

Nilibaki Columbus kwenye chumba cha kupanga karibu na chuo, nikitafuta kazi. Mdogo wangu wa kiume alikuwa Buffalo, kiwandani. Mama alikuwa hapa Louisville. Na ninyi mnajua kazi ya mtoto wa kwanza katika nyumba zetu. Ndiye anayetangulia kujua Kiingereza, kwa hiyo barua ya shule inakwenda kwake, daktari anaongea naye, watu wa umeme wanampigia yeye. Basi mazoea yakakua, hata Mama na mdogo wangu, wenye lugha moja, wakawa wanapitia kwangu. "Mwambie mdogo wako avae koti." Naye kwangu, dada yake mkubwa: "Yaya, mwambie Mama nitapiga Jumapili." Nami nilikuwa nachuja habari. Kijana alipoumia mkono kazini, Mama alisikia kwamba amechoka tu. Presha ya Mama ilipopanda, kijana alisikia kwamba Mama anamsalimia. Niliamini nikiwaacha wasemezane wenyewe, kuna kitu kitavunjika.

Sasa ng'ombe. Mdogo wangu alinivuta tucheze gemu pamoja, yeye Buffalo, mimi Columbus. Ni gemu la dunia iliyoungua kwa vita. Watu wachache waliobaki wamejenga vijiji kwenye magofu. Kijiji kimoja kina maji safi, kingine mahindi, kingine vyuma. Kazi yangu ilikuwa kupanga njia za mizigo kati ya vijiji, ili wenye maji wapate mahindi na wenye mahindi wapate maji. Kwa kila njia unamchagua mkazi, anaacha shamba lake, anatembea na ng'ombe wa mizigo akienda na kurudi.

Ndugu zangu, nawaambia, niliwawaza wale wakazi kama watu wa damu. Nikimtoa huyu, nani atachota maji? Akivamiwa njiani? Mwisho niliamua njia zote zipite kwenye kijiji changu cha katikati, mbele ya macho yangu. Vijiji vingine sikuviunganisha. Na ng'ombe nikaweka mmoja tu, avizungukie vyote, kwa sababu wengi ningewasimamiaje?

Siku hiyohiyo Mama alinipigia kwa video, akaona kompyuta nyuma yangu.

"Ile ni nini?"

"Ni gemu, Mama. Ng'ombe anapeleka maji."

"Ngombe? Nani alimubebesha?"

"Mimi."

"Weye, mutoto wa watu wa ngombe! Kwetu ngombe habebake mizigo. Anakamuliwa, anapewa jina, bon, basi. Umushushe ile mizigo!"

Tulicheka. Lakini kilikuwa kicheko changu cha mwisho kwa muda mrefu.

Kampuni moja inayopanga safari za malori ilinipigia. Nilikuwa nimeomba kazi kwao mwenyewe. Simu ikaita, nami nikaitazama. Nilikuwa bado natafuta jinsi ya kusema "hello" bila kuonekana nina haraka. Ikakatika. Nikaanza kuwaza namna ya kuomba radhi, na kila nilivyowaza radhi ikazidi kuwa ngumu. Baadaye nikaacha kupokea simu zote. Jumbe za sauti za Mama zilirundikana, nikawa nazijibu kwa maneno mawili: niko sawa. Nikaacha kupika. Nikaacha kuoga. Na hakuna aliyejua, kwa sababu habari zote za nyumba yetu zilipitia kwangu, nami ndiye niliyeanguka.

Alasiri moja tukiwa kwenye gemu, majambazi walikivamia kijiji changu cha katikati. Kila kitu kikasimama. Wenye maji wakafa njaa, wenye mahindi wakafa kiu.

Mdogo wangu akasema kwenye spika za masikioni, "Yaya, kijiji cha maji na kijiji cha mahindi wanaonana kabisa. Mbona hawana njia?"

"Sikutaka kumsumbua mtu."

 Nilisikia anazima televisheni kwake.

"Yaya. Ulikula leo?"

Nililia, wapendwa. Nilimwambia yote. Kisha nikamwomba, "Usimwambie Mama. Nitamwambia mimi, taratibu."

"Hapana, Yaya. Hii haipiti kwako."

Akakata, akampigia Mama mwenyewe. Nilikasirika. Niliketi sakafuni nikingoja presha ya Mama ipande, nikingoja nyumba yetu ivunjike. Haikuvunjika. Mama alitoka, akagonga milango yenu, na mchana wa siku iliyofuata aliingia chumbani kwangu akiwa na wamama wa kundi hili na sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, ambayo ilikuwa bado ya moto. Hakuuliza swali hata moja. Nilikuwa nimeshika simu, aliitoa mkononi mwangu polepole, akaiweka mbali.

"Shusha mizigo, mutoto wangu," alisema. Kisha akatafuta kitana, akaanza kunichana nywele.

Nilirudi Beechmont. Hospitalini, Mama alitangulia mbele yangu na kusema neno la Kiingereza alilojifunza njiani: "Interpreter." Akapewa mkalimani kwenye simu. Nilikaa nikisikiliza mtu mwingine akifanya kazi yangu, na mbingu haikuanguka. Nilipata daktari, nikapata mshauri wa kuongea naye. Ile kazi ya malori ilikuwa imeshachukuliwa. Nimepata nyingine hapa kwenye ghala, napanga mizigo. Bado kuna asubuhi natetemeka. Siku hizo nasema wazi kwamba natetemeka.

Aksanti, wamama mlioacha zamu zenu mkanifuata Columbus. Aksanti, papa, mzee wetu uliyeendesha gari bila kuuliza tunakwenda kufanya nini. Aksanti, mdogo wangu, ambaye anasikiliza kwa simu kutoka Buffalo. Aksanti, Mama. Aksanti, Mungu. Na ninyi vijana wenzangu mnaobeba habari za nyumba nzima: waacheni watu wenu wasemezane. Wana nguvu kuliko mnavyodhani.

Mdogo wangu ameunganisha vijiji vyote, kila njia na ng'ombe wake. Mama amewapa majina. Yule wangu wa kwanza, mwekundu, anaitwa Gaju, na amepumzishwa.

Na leo asubuhi nimeingia jikoni, nikamkuta Mama kwenye simu na mdogo wangu. Aliponiona aliifunika simu kwa kiganja.

"Mlikuwa mnasema nini?"

"Haikuhusu," Mama alisema.

Nikachukua chai yangu, nikatoka.