Kombo Falaki Ahamia Nyumba ya Kumi na Mbili

Pale Bagamoyo, nyuma ya soko, pana benchi la mbao ambapo Mtoro huuza kahawa na kashata, na wazee wa mtaa hugawa maneno bure. Asubuhi ile Kombo, mwalimu mstaafu ambaye benchi lilimbatiza jina la Falaki, alifika amejishika kiuno, unyoya umemganda kichwani. Tangu astaafu alikuwa hana raha, kila kitu akikiona chapwa. Ndipo akafukua daftari la falaki, elimu ya nyota, la marehemu ami yake, akasoma kwamba mbingu zina nyumba kumi na mbili, na kila nyota ina nyumba moja inamofurahi. Nyota yake, aliwaeleza, ni Zohali. Zohali hufurahi nyumba ya kumi na mbili.

— Kwa hiyo umelala wapi? aliuliza Haji Breki, dereva wa zamani wa malori ya Chalinze.

— Nimehesabu milango ya kwangu. Vyumba sita, jiko, stoo, bafu, choo, banda la mbuzi...

— Hiyo kumi na moja.

— Ya kumi na mbili ni banda la kuku. Nina siku nne humo.

Benchi zima likaangua kicheko. Kombo naye akacheka. Lau angekuwa mwenzake aliyelala bandani, yeye ndiye angecheka wa kwanza.

— Daftari linasemaje kuhusu nyumba hiyo? aliuliza Maulidi Kamusi, mjuzi wa kila kitu.

— Ni nyumba ya maadui na vifungo.

— Basi hujakosea! alidakia Haji. Adui ndiye jogoo, na mlango unafungwa kwa nje.

— Kakosea, alisema Maulidi. Nyumba ya kwanza ni ya mashariki, linakochomoza jua. Mashariki kwake ni chooni. Aanzie hapo, azunguke. Ya kumi na mbili inaangukia bafuni.

— Nikalale bafuni?

— Elimu haina aibu, mwalimu.

— Oya, chumba si tatizo, alisema Haji. Tatizo muda. Zohali ni lori la mzigo, linapanda mlima kwa gia namba moja. Kila nyumba linakaa miaka miwili na nusu. Siku nne hata injini hujaipasha moto!

Mtoro alimmiminia Kombo kikombe.

— Na shemeji je?

— Mke wangu Mwanaharusi, nyota yake Zuhura. Hufurahi nyumba ya tano.

— Ya tano ni ipi?

— Chumba chetu cha kulala, alijibu Kombo polepole.

— Mambo safi! Maulidi akajipiga paja. Yeye anafurahi kitandani, wewe unafurahi bandani. Ndoa imenyooka!

Hapo Kombo hakucheka. Alikumbuka jana jioni mkewe alivyomletea mto mlangoni mwa banda, akamkabidhi, akageuka.

Kwenye ncha ya benchi alikuwa amekaa mama mmoja, Zaina, aliyeleta mihogo sokoni kutoka Fukayosi. Akaweka kikombe chini.

— Samahanini, mie mgeni. Anayefurahi humo ni nani? Nyota, au huyu baba?

Maulidi akaagiza kashata nyingine. Haji akawa anasoma kitako cha kikombe. Kombo alilipitia daftari kichwani, ukurasa kwa ukurasa. Humo daftarini nyota zote saba zilifurahi, kila moja nyumbani kwake. Mtu hakutajwa popote.

Mtoro akainamisha birika. Yakatoka mashapo.

Kombo alimkuta mkewe uani, anachambua mchele.

— Mama Nasrin, naweza kurudi ndani?

Mwanaharusi alimtazama juu hadi chini, midomo ikimcheza kwa kicheko alichokibana siku nne.

— Rudi. Ila kaoge kwanza.