Mama Apollinarie na Sauti ya Marehemu Patrice

Tarehe 31 Julai, baada ya miaka kumi na tisa, Mama Apollinarie anaiaga meza ya malalamiko ya ushirika wetu wa wafanyabiashara, hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Alianza kwa kukagua mizani ya maharagwe sokoni Rwekubo. Wauzaji walipohamia kuuza kwa simu, akahama nao. "Mwizi amebadilisha nguo tu," alituambia.

Wapo wanaowacheka wakimbizi kwa kununua vitu wasivyoviona. Nawajibu hapa hapa: wengi wetu hatukujaliwa kusoma, tunaamini sauti tunayoifahamu. Kuamini si ujinga. Uovu ni kuigeuza imani hiyo mtego.

Mwaka jana wanunuzi kumi na wawili walilalamika kwamba Patrice, muuza nguo wa Nyamityobora, amepokea malipo na mzigo haufiki. Patrice tulimzika miezi saba kabla. Mama Apollinarie alipanga simu zao mezani, akafungulia ujumbe wa sauti mmoja baada ya mwingine. Mara kumi na mbili marehemu alituambia kwa furaha: "Mama, muzigo uko njiani, usiogope." Na kila baada ya "njiani", mbuzi yule yule alilia. Kumbe kuna aliyeshika simu ya marehemu, anatuma upya maneno yake ya zamani.

Benitha, mjane wake, aliitwa kuthibitisha. Alisikiliza akiwa wima, kisha akaketi. "Mumuache aseme tena," akaomba. Kuifunga namba ile ni kumfisha mumewe mara ya pili; kuiacha ni kuwatoa wengine kafara.

Mama Apollinarie alikwenda Mbarara. Kampuni ya simu ikadai mwenye namba aje mwenyewe, na kitambulisho. "Nimulete? Basi mutupatie jembe," akawajibu. Uaminifu wanaujaza kwenye mabango, kisha wanataka maiti apange foleni! Alirudi mara tatu na cheti cha kifo, hadi wakakubali.

Kabla namba haijafungwa alitaka kumhifadhia Benitha ujumbe mmoja. Benitha alikataa. "Hapana, mama. Ile sauti imeshadanganya batu." Siku ya pili, namba ikiwa imeshafungwa, aliipiga mbele yetu. Haikuita. "Sasa ndiyo nimemuzika," akasema.

Mwizi hajapatikana, na aibu hiyo ni yetu tunaobaki.

Mama Apollinarie, tunakushukuru sisi tulio hai, pamoja na yule uliyemrudishia usingizi wake. Uzee wako uwe mwema, na kila atakayekuita umwone uso.