Mama Adèle Onema, Aliyechemsha Vyuma vya Wengine (1970–2025)

Mama Adèle Onema alizaliwa Lokandu tarehe 14 Machi 1970, binti wa mvuvi. Alisoma hapo hapo hadi darasa la sita. Baba yake alipofariki, daftari likafungwa.

Mwaka 1991 aliajiriwa kwenye materniti moja ya Alunguli, hapa Kindu, wanakojifungulia akina mama, kufagia na kuchemsha vyuma vya kupimia wanawake. Mwaka uliofuata aliolewa na Baba Henri, wakajaliwa mabinti watatu: Divine, Princesse na Ange.

Vita vilipofika Kindu mwaka 1998, wakubwa wa materniti walibeba magodoro wakakimbia. Adèle alivifunga vile vyuma kwenye kitenge chake cha harusi, akavizika chini ya mafiga ya jikoni kwake, ndipo akashika njia ya Pangi na watoto. Aliporudi mwaka 2003 alivifukua vyote, hata kimoja hakikupungua. Kitenge kilikuwa kimeoza. Baba Henri hakuacha kumtania: “Uliolewaka na miye ao na vyuma?”

Mwaka 2014 ikaja timu ya kupima kansa ya mlango wa kizazi. Siku tatu Adèle alichemsha, wakapita wanawake zaidi ya mia. Alipoambiwa naye apande kitanda, alicheka: “Mwenye nyumba anakulaka nyuma ya wageni.” Ndivyo tulivyolelewa. Siku ya tatu jioni timu ilifunga masanduku ikaenda zake. Wanawake mia na zaidi, na hakuna aliyerudi kumwita! Wala sisi wa nyumbani hatukumuuliza. Linatuchoma, na tunalisema mbele ya jeneza lake.

Damu ilianza mwaka 2023, hedhi ikiwa imeshakoma miaka miwili. Wenzake kazini walimshangilia eti ujana umerudi. Mara tatu alipewa dawa ya malaria. Malaria! Mwishowe daktari mmoja akamuuliza:

“Mama, ulipimwaka mara ya mwisho lini?”

“Miye njo nachemshaka vyuma, munganga. Nilikuwa nangojea wageni wamalize.”

Daktari alimpima, akaikuta kansa ileile. Alituambia kwamba lau angepimwa mwaka ule wa 2014, huenda angetibiwa asubuhi moja na jioni akapika sombe nyumbani kwake.

Alifariki Jumanne, tarehe 6 Mei 2025, akiwa na miaka hamsini na mitano. Ameacha mume, mabinti watatu, wajukuu watano, na mdogo wake Françoise, anayesoma haya.

Desturi inataka binti za marehemu wakae mkekani siku saba. Wazee, mtusamehe. Wiki iliyopita aliwaita wote watatu kitandani: “Musikae kwanza matanga yangu. Muende mupimwe.” Siku hizi materniti ileile inapima kila Alhamisi. Kesho ni Alhamisi. Divine, Princesse na Ange watakuwa wa kwanza mlangoni, na hawatampisha mgeni yeyote. Vyuma atavichemsha Françoise, kisha naye atapanda kitanda.

Lala salama, Mama Adèle. Wageni wamekwisha.