Mapigo ya Cherehani

Kwa kujifanya amelala safarini, kijana kinyozi alijiona bingwa asiye na mpinzani. Treni ilimbembeleza, macho kayafumba, masikio kayaacha wazi.

Mbele yake fundi cherehani alikuwa akimsimulia mama mmoja asiyemjua. "Kiharusi kilinipiga mara moja, kikaniacha. Damu iliganda mahali, ikapanda kichwani. Ilitoka wapi, madaktari hawajui mpaka leo."

"Hawakukupa kile kifaa cha kuvaa, cha kusikiliza moyo usiku na mchana?"

"Walinibandika kifuani. Ila nikikaa kushona nilikuwa nakibandua, kisije kikaandika mapigo ya cherehani."

"Makubwa! Na unashona muda gani?"

"Kutwa."

"Basi kimesikiliza usingizi wako tu! Moyo ukienda mrama mchana, ukagandisha damu, nani atajua? Presha umesema unayo, umri umesogea, na kiharusi kilishakupiga. Kitarudi hicho, mzee wangu. Nenda wakubandike tena."

"Na sare za watoto wa watu atashona nani?"

Kinyozi akasikia magurudumu yakishona reli, polepole, na moyo wake ukifuata uzi.

Treni ikasimama, fundi bado anabisha. Mama akainuka, akamgusa kinyozi begani.

"Na wewe, mwanangu, aliyelala hajipimi mapigo. Toa mkono kifuani."